Aliyemtuma Timoth

Kidugala,
Jumapili, 4 Juni 2023

Mdogo wangu Elius,

Kamwene. Huku tu wazima, isipokuwa baridi, ambayo mwaka huu imekuja na hasira. Viazi vya bondeni vimeungua majani kwa barafu, na mimi nimerudia tabia ya mama ya kulala na soksi. Mahindi tumeshavuna, yako darini. Lidia amejifungua salama mtoto wa kike na amempa jina la mama. Timoth huko mahabusu hajamwona bado mwanawe. Kanisani wanakusalimu. Mchungaji alipotangaza kwamba umechukua fomu ya ubunge katika huu uchaguzi mdogo, watu walipiga vigelegele utadhani umeshaapishwa. Nami nilipiga, usidhani sikupiga.

Nakuandikia kwa sababu simu yako siku hizi inapokewa na binti mwenye sauti nzuri anayeniuliza, "Mama, unapiga kutoka kata gani?" Nikimwambia mimi ni dada yake wa tumbo moja, anasema ataufikisha ujumbe. Haya. Ujumbe huu sitaki ufikishwe na binti wa watu. Nampa dereva wa basi, ameahidi kukukabidhi mkononi hapo ofisini kwako Makambako. Nawe unijibu kwa mkono wako.

Nimefundisha watoto miaka mingi kuandika "dhumuni la barua hii". Dhumuni la hii ni mdogo wetu Timoth.

Wiki iliyopita alikuja hapa wakili aliyepangiwa na mahakama kumtetea, binti mdogo anaitwa Juliana, viatu vimejaa matope. Akakaa jikoni akanisomea maelezo ya polisi. Yanasema kwamba Oktoba mwaka jana, kesho yake baada ya mzee Mika kuungua akilinda miti ya tajiri Benno, mshtakiwa alikwenda msibani kwa hiari yake, akaketi chini mbele ya mjane, akasema, "Moto umetoka kwetu. Tumewakosea, tunaomba radhi." Na kwa kuwa Timoth na mzee Mika waliwahi kugombania mpaka, wakasema alikusudia. Ndiyo kesi yote hiyo, Elius. Shtaka la mauaji, dhamana hakuna. Hayupo aliyemwona na kiberiti. Moto ule ulianza ng'ambo ya mto, kwa vibarua wa Benno, ukapita shambani kwake, ukaingia kwenye misindano ya Benno. Kila mtu hapa anajua, lakini nusu ya wanaojua wanakula mshahara wa Benno.

Binti akaniuliza, "Kama hakuwasha yeye, kwa nini alikiri?" Yeye katokea Mwanza, atajuaje? Nikamweleza kwamba kwetu moto ukiua mtu, shamba la mwisho kupitiwa ndilo linalobeba lawama. Mkubwa wa ukoo wenye shamba hilo anakwenda kwa wafiwa na jembe na kuku, anaketi chini, anaomba radhi, awe amewasha au hakuwasha. Asipokwenda, kaburi halichimbwi. Hiyo siyo kukiri kosa, ni heshima kwa marehemu. Akaandika yote. Kisha akauliza, "Na mkubwa wa ukoo ni Timoth?"

Nilishindwa kumtazama usoni.

Mkubwa ni wewe, mwanamume wa kwanza wa baba. Siku ile ulikuwa Njombe kwenye vikao vya chama, ukasema huwezi kutoka. Tulikuwa jikoni humu humu, mimi na Lidia na Timoth, simu iko mezani tumeifungua sauti. Ulimwambia, "Nenda badala yangu." Timoth akasema hajui maneno. Ukampa neno kwa neno, naye akayarudia kama mtoto anayejifunza kipaimara. Yale maneno yaliyoandikwa polisi ni yako, Elius.

Juliana anasema mimi na Lidia tumeshaeleza, lakini sisi ni dada na mke, tutaonekana tunamfichia. Mkubwa wa ukoo, tena wakili anayejulikana mahakama zote za mkoa huu, akisimama na kusema "mimi ndiye niliyemtuma", jambo linabadilika. Njoo useme. Ni maneno machache kuliko unayosema ukinywa chai.

Msalimie Judith na watoto.

Dada yako,
Dorosela


Makambako,
19 Juni 2023

Dada yangu mpendwa Dorosela,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea mkononi kama ulivyotaka, na dereva hakukubali hata soda. Sisi wazima. Upepo wa Makambako unaujua, umeng'oa bati mbili za stoo na Judith analalamika vumbi hadi kwenye sukari. Hongera kwa Lidia. Jina la mama limenigusa sana. Nimempa dereva mablanketi na nguo za mtoto, uvifikishe.

Dada, mambo huku yamepamba moto. Wagombea wa chama ni wengi na kura za maoni zinakaribia. Nazunguka tangu asubuhi hadi sauti inakauka. Watu wamechoka kuonewa, nami nawaambia kwamba nimekaa mahakamani maisha yangu yote nikiona mnyonge anavyopoteza haki kwa kukosa wa kumsemea. Wanalia, dada. Wazee wa chama wananinong'oneza kwamba mwanasheria mwenye rekodi kama yangu akishaingia bungeni, kiti cha Waziri wa Katiba na Sheria hakiko mbali. Mimi nacheka mbele yao, lakini nikirudi nyumbani nawaza. Mtoto wa mwinjilisti wa kijijini! Baba angesema nini?

Kuhusu lile jambo. Nakuomba tusiliandike andike. Si kwamba nimelipuuza, silali kwa ajili yake. Lakini kisheria kuna wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza, na mtu anayegombea akionekana ameingilia shauri lililoko mahakamani, maadui zangu watalifanya bendera. Upelelezi bado haujakamilika, hakuna kinachoharibika kwa sasa. Kura za maoni zikipita, tutakaa tuzungumze ana kwa ana.

Mwambie mdogo wetu awe na subira. Namwombea kila siku.

Ndimi mdogo wako,
Elius


Kidugala,
9 Julai 2023

Elius,

Marahaba. Mablanketi yamefika, ni mazuri, Lidia anakushukuru. Manyunyu hayajakatika tangu wiki iliyopita na kuni zote zimelowa, moshi umetutoa machozi. Ng'ombe wa Lidia amezaa. Hizo ndizo habari njema, nimeziweka juu kama ulivyozoea.

"Lile jambo" lina jina. Linaitwa Timoth, na lina kikohozi.

Nilikwenda kumwona Alhamisi. Tulipanda basi na Lidia na mtoto, tukasubiri langoni hadi miguu ikafa ganzi. Wakatuingiza. Mwaye, amekonda! Shingo imebaki ya kuku. Walimruhusu amshike mtoto kidogo, akamgeuza geuza, akasema, "Ana masikio ya kaka Elius." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, mtoto akashtuka akalia, basi muda ukaisha kwa kulia.

Aliniuliza, "Kaka atakuja lini?" Nikamwambia, "Yuko njiani, anamaliza mambo yake tu." Elius, mimi sikuzaliwa mwongo. Nilikuwa nawachapa watoto kwa uongo. Nimemdanganya ndugu yangu mbele ya askari kwa ajili yako, na nilivyotoka pale nilikuchukia. Nakuandikia hivyo hivyo nilivyohisi.

Unaniambia kuna wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Oktoba mwaka jana, Timoth alipokuwa hajui la kusema, wewe ulijua sana.

Tukirudi, pale stendi ya Njombe niliona lori la Benno limebandikwa picha zako ubavu mzima. Umependeza, tai nyekundu. Lori la pili nalo. Dereva akaniamkia, akasema bosi wake amewapa amri wabebe watu bure siku ya mkutano wako. Mimi sikuulizi kitu. Nimekuambia tu nilichokiona stendi.

Dada yako,
Dorosela


Makambako,
6 Agosti 2023

Dada Dorosela,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kujibu, nilikuwa sijielewi. Nimeshinda kura za maoni! Judith alizimia kidogo kwa furaha, si utani, wakammwagia maji. Watoto hawajambo, mkubwa amepata homa ya mafua lakini anaendelea vizuri. Asante kwa maombi ya kanisa letu, nilipiga magoti nikawakumbuka wote.

Dada, maneno yako yalinichoma. Sikukasirika. Nataka tu unielewe. Nikianguka sasa, nitabaki wakili wa mjini anayegombania mirathi na mipaka ya viwanja. Nikipita, na Mungu akifungua mlango ule mwingine niliokutajia, nitakuwa na kalamu inayoweza kuwafungua wengi walioko ndani bila hatia. Timoth ni mmoja. Wako wengi mno kama yeye. Mtu akipewa nafasi ya kuwasaidia wote, je, aitupe kwa ajili ya kumwahi mmoja kwa miezi michache?

Nimezungumza kirafiki na watu wanaojua mambo. Ushauri wangu kama mwanasheria ni huu: Timoth akubali kosa dogo la kuua bila kukusudia. Shtaka la mauaji litaondolewa, ataonewa huruma, amekaa ndani muda tayari, huenda akatoka mapema kuliko kesi ikisikilizwa yote. Hapo hakutahitajika mashahidi wala kuchimbua nani alisema nini. Kila mtu atapumzika.

Mweleze kwa upole. Wewe anakusikiliza.

Mdogo wako,
Elius


Kidugala,
17 Septemba 2023

Elius,

Nimenyamaza mwezi mzima makusudi, uonje. Huku mvua bado, watu wanaandaa mashamba, na kila jioni milima imezungukwa na moshi. Nikiuona nafunga dirisha. Mtoto wa Lidia ameota jino. Yule mzee mpiga kengele wa kanisa amefariki, tumemzika Jumatano, na nafasi ya ukoo wetu pale makaburini nilisimama mimi.

Ule ushauri wako wa kisheria sikumpelekea Timoth. Nisingeweza kuutamka. Mtu hakuwasha moto, unamwambia akubali ameua, ili kila mtu apumzike! Nani huyo kila mtu?

Nilikuwepo kwenye mkutano wako hapa uwanja wa shule. Nilikaa nyuma, nimejitanda kitenge, najua hukuniona. Umesema vizuri. Nikujuaye tangu unavaa kaptula ya viraka, nilijikuta nimesimama na wenzangu. Ulipofika kwenye mnyonge asiye na wa kumsemea, mama mmoja pembeni yangu alifuta machozi na mimi nikaketi.

Kisha wakaruhusu maswali, na Paskalina, mjane wa mzee Mika, akanyoosha mkono. Mshereheshaji hakumjua, akampa kipaza sauti. Ulimwona, najua, maana ulishika tai.

Paskalina akasema, "Mimi sina swali la maji wala barabara. Mume wangu alipoungua, aliyekuja kuketi chini mbele yangu ni mdogo wako. Mkubwa ni wewe. Nilimpokea, nikampa maji, nikajua ametumwa. Sasa naambiwa alijileta kwa kuwa ameua. Nakuuliza wewe. Ulimtuma, au alijituma?"

Nilisikia bendera zikipigwa na upepo. Nikasema moyoni, Mungu wangu, imekwisha, atasema, Timoth anatoka.

Ukasema, "Mama, pole sana kwa msiba. Suala hilo liko mahakamani, na mimi kama mwanasheria sheria hainiruhusu kulizungumzia."

Watu wakakupigia makofi! Wakaona umejibu kisomi. Paskalina akasema, "Nimeuliza kama ulimtuma," lakini wakawa wameshachukua kipaza sauti, muziki ukafunguliwa, vijana wa Benno wakaanza kucheza. Yule mama alibaki amesimama pale. Nilikwenda nikamshika mkono tukaondoka wote. Tulipofika kwake alinipa togwa, nikanywa, nikalia mbele ya mjane wa mtu ambaye ndugu yangu anashtakiwa kumuua.

Sasa nisikilize vizuri. Mahakama Kuu inakaa Njombe, na kesi ya Timoth itaitwa tarehe 10 Oktoba. Mawakili wa Serikali wamemwambia Juliana hivi: mkubwa wenu akifika asubuhi hiyo kabla kesi haijaitwa, akatoa maelezo yake, watayatazama upya mashtaka. Asipofika, wanampa Timoth nafasi ya kukubali lile kosa dogo lako, na akikataa, kesi ya mauaji inaendelea na maneno yale yanasomwa mbele ya jaji. Unajua mwisho wake kuliko mimi.

Najua ni wiki yenu ya mwisho ya kampeni. Sikuchagua tarehe mimi.

Dorosela


Makambako,
25 Septemba 2023

Dada,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani, nisamehe. Tangu siku ile ya uwanja wa shule sijala chakula kikakaa. Judith ameniuliza nina nini, nikamwambia ni uchovu.

Nitakuja. Tarehe 10 nitakuwa Njombe kabla mahakama haijafunguliwa. Mwambie Timoth asikubali chochote, anisubiri mimi. Mwambie kaka amesema.

Usimwambie mtu mwingine hadi siku hiyo.

Elius


Kidugala,
12 Oktoba 2023

Elius,

Huku wazima. Mvua ya kwanza imenyesha jana.

Nilimpelekea Timoth maneno yako siku ile ile barua iliponifikia. Alinifanya niyarudie. "Kaka amesema?" Nikamwambia kaka amesema. Alikuwa na furaha hata nikaogopa. Akamwambia askari wa zamu, "Tarehe kumi kaka yangu anakuja, yule wakili."

Juzi tulifika mahakamani mapema, mimi, Lidia na mtoto. Paskalina naye alikuja kwa miguu yake, hakuitwa na mtu. Juliana alikuwa amesimama mlangoni na karatasi zake, kila gari likipunguza mwendo anachungulia. Nilimpa namba yako, akapiga, binti akapokea, akasema mheshimiwa yuko kwenye mkutano wa hadhara Makambako na hapatikani. Juliana akaenda kuwaomba wasubiri kidogo. Wakasubiri. Akawaomba tena, wakasema jaji ana mashauri mengine.

Kesi ikaitwa. Timoth aliletwa kwa shati nililomfulia. Wakanong'onezana na Juliana kizimbani, nikamwona Juliana anatikisa kichwa kukataa, Timoth anamwambia kitu tena. Kisha akasimama akasema anakubali kosa la kuua bila kukusudia.

Juliana hakukata tamaa. Alimwomba jaji amuulize mshtakiwa kuhusu siku ile ya msiba kabla ya kumhukumu, maana kuna desturi. Jaji ni mtu mzima mwenye sauti ya upole. Akamuuliza, "Kijana, unasema ulikwenda kuomba radhi. Kuna mtu alikutuma?"

Timoth akanyamaza. Jaji akarudia, "Nakuuliza, nani alikutuma?"

Akasema, "Hakuna, mheshimiwa jaji. Nilikwenda mwenyewe."

Lidia alipiga kelele hadi wakamtoa nje. Mimi nilibaki nimekaa. Paskalina akasema kwa sauti, "Siyo kweli!" wakamwambia anyamaze au atoke.

Miaka saba.

Dorosela


Makambako,
29 Oktoba 2023

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote na mtoto anaendelea kukua. Sisi tunamshukuru Mungu. Najua habari zimekufikia redioni: wananchi wamenipa dhamana, na kwa kura nyingi. Wiki ijayo naenda Dodoma kuapishwa. Judith anatafuta nguo ya kuvaa na nyumba haikaliki kwa wageni.

Dada, kuhusu tarehe 10 sina maneno. Gari lilikuwa tayari alfajiri, kisha viongozi kutoka makao makuu wakafika bila taarifa kwa ajili ya mkutano wa kufunga kampeni. Sikuweza kutoka Makambako kabisa, hata dakika. Nilimwambia binti awapigie, sijui alichanganyaje. Moyo wangu ulikuwa huko na ninyi siku nzima.

Lakini yote hayajaisha. Rufaa ipo, ingawa kwa mtu aliyekubali kosa mwenyewe ina ugumu wake. Msamaha wa Rais pia upo, na sasa nitakuwa karibu na wanaoandaa majina. Niachie mimi. Kwa nini lakini alisema vile? Wewe hukumwambia anitaje? Nimejiuliza sana.

Jumapili ya tarehe 12 tutafanya ibada ya shukrani hapo kanisani kwetu Kidugala. Nataka wewe ukae mbele pamoja na Judith, watu waone dada aliyenilea. Nitatuma gari likuchukue mapema, na Lidia pia kama atapenda.

Mdogo wako akupendaye,
Elius


Kidugala,
5 Novemba 2023

Elius,

Marahaba. Tumepanda mahindi, yameanza kuchungulia. Mtoto ameanza kukaa bila kushikwa.

Siku ile sikukuandikia yote. Nilitaka kwanza nione utaniambia nini. Sasa umeniambia hukutoka Makambako hata dakika.

Gari lako lilikuwa Njombe. Siyo lile la kampeni, ni lile la kijivu ulilokuja nalo kumzika baba. Lilisimama chini ya mikaratusi mkabala na mahakama, kabla kesi haijaitwa, na wewe ulikuwa ndani peke yako. Nililiona nilipotoka kumbembeleza mtoto. Uliteremsha kioo, ukatazama mlangoni, ukakipandisha. Nikasema nisikuite, mtu mzima akifika mahali kama pale ashuke kwa miguu yake. Nikarudi ndani nimejawa na furaha, nikamnong'oneza Lidia, "Amekuja." Ndiyo sababu Lidia alipiga kelele vile.

Umeniuliza kwa nini Timoth alisema aliyosema. Nami nilimuuliza, jana, pale gerezani. Mwanzoni hakutaka. Nikamwambia wewe unataka kujua.

Akasema kizimba kiko upande wa dirisha, na alikuona tangu anaingia. Aliposimama na Juliana, alikuwa anamwambia, "Subiri, kaka yupo, anashuka." Juliana akamwambia jaji hasubiri tena. Timoth akakutazama, hukushuka, ndipo akakubali lile kosa dogo ili lile la mauaji lisisomwe. Jaji alipouliza mara ya kwanza, Timoth alinyamaza kwa sababu alikuwa anakupa nafasi ufungue mlango. Jaji akarudia. Wewe ukawasha gari.

"Nikajua anaogopa," akaniambia. "Dada, sijawahi kumwona kaka anaogopa. Sikutaka watu wamjue hivyo."

Hivyo ndivyo alivyosema, sijaongeza wala sijapunguza. Kisha akaniuliza kama wewe unakula vizuri.

Gari usitume. Kwenye ibada hiyo sitakuja, na Lidia haji. Mchungaji nimeshamweleza kwamba siumwi, asije akawatangazia waumini kwamba naumwa. Rufaa na msamaha fanya kama unataka kufanya, sitakuzuia, ila usiniandikie habari zake mpaka uwe umefanya.

Jumamosi nakwenda tena Njombe kumpelekea sabuni na chumvi. Timoth hana redio kule, na mimi jana sikumwambia habari za uchaguzi. Akiuliza habari zako, maana lazima ataniuliza, nitamwambia umeshinda.

Dorosela